Anayemwangusha Mzee Usiku

"Ameteleza bafuni." Pita wodi ya mifupa katika hospitali ya mkoa, umkute bibi wa miaka sabini na kitu amelazwa, mguu umefungiwa uzito, umuulize binti yake kilichotokea. Hilo ndilo jibu utakalopata. Ameteleza bafuni, amejikwaa kizingitini, ameanguka akienda msalani. Jibu ni la kweli, na uchunguzi unaishia hapo hapo. Sakafu ilikuwa na maji, bibi ni mtu mzima, wazee huanguka. Kwenye faili lake, kurasa chache nyuma, imeandikwa kuwa ameishi na kisukari miaka kumi na tano, lakini maandishi hayo yamekaa huko kama habari za kliniki nyingine.

Kiswahili kina vitenzi viwili jirani, kuanguka na kuangushwa, na kwa jambo hili mimi nachukua cha pili. Mzee mwenye kisukari mara nyingi huangushwa. Wanaomwangusha ni wengi, wanashirikiana, na mmoja wao ni tiba yenyewe, pale inapokimbilia namba ndogo kwenye glukomita bila kumtazama anayemeza dawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kundi linaloongoza ni la wenye miaka 60 na zaidi. Kati ya wenye miaka 65 kwenda juu, takriban mmoja katika kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Hao ni wazee wote kwa jumla. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha tafiti sita zenye wazee zaidi ya 14,000, wakaona kuwa hatari ya kuanguka kwa wenye kisukari inazidi ya wenzao kwa asilimia 64. Kwa wanaochoma insulini ilizidi kwa asilimia 94, kwa wasioichoma asilimia 27. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka kirahisi: anayefikia kuchoma insulini mara nyingi ameugua muda mrefu, na miguu, macho na figo zake zimeshaguswa. Sehemu nyingine nitaifikia baadaye, maana ndiyo inayoniuma.

Kwanza tumfuate mzee mmoja usiku. Ni saa nane, anaamka kwenda kukojoa kwa mara ya tatu. Kinachomwamsha si kibofu peke yake. Sukari inapopanda kwenye damu kupita kiasi ambacho figo zinaweza kukizuia, kwa wengi karibu na 10 mmol/L, huanza kumwagika kwenye mkojo, na inapotoka huvuta maji pamoja nayo. Ikiwa mzee ana presha na amepewa kidonge cha kukojoza, akakimeza jioni kwa sababu mchana alikuwa safarini, usiku wake umeshaharibika. Kila safari ya msalani ni nafasi moja zaidi ya kuanguka, gizani, huku usingizi ukiwa bado machoni.

Anasimama. Tunaposimama, damu hushuka miguuni kwa uzito wake, na mwili wenye afya huirudisha juu mara moja kwa kubana mishipa. Amri ya kubana hupitia mishipa ya fahamu, ile ile ambayo kisukari huila polepole. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, ubongo unapungukiwa damu, giza linapita machoni, magoti yanalegea. Huyu ni mtu ambaye kliniki inamwandika kila mwezi kuwa ana presha ya kupanda, kwa sababu hupimwa akiwa ameketi. Anazidishiwa dawa ya kuishusha, na akisimama inashuka mara mbili.

Amefanikiwa kusimama, sasa anatembea. Ili tusimame wima tunategemea mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu vinavyouambia ubongo mguu uko wapi na ardhi ikoje. Mgonjwa wa siku nyingi wa kisukari hueleza hali ya shahidi wa tatu kwa maneno ambayo wauguzi wameyazoea: ganzi, kama natembea juu ya pamba, kama sisimizi wananitambaa. Mchana, macho hubeba mzigo wa nyayo, na mzee huonekana mzima. Umeme ukikatika, au akifumba macho, anabaki na shahidi mmoja. Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, aliacha jina lake kwenye kipimo cha jambo hili, cha kumsimamisha mgonjwa afumbe macho uone kama atayumba. Waliopoteza hisia za miguu huyumba hata wanaponawa uso, kwa sababu wakati wa kujimwagia maji macho hufumbwa. Mwislamu anayetawadha alfajiri, amesimama kwenye sakafu iliyolowa, ameinamia ndoo, anafanya kipimo cha Romberg kila siku bila daktari pembeni yake.

Na kandambili. Mtu mwenye hisia huzishika kwa vidole bila kujijua. Mwenye ganzi kali huvukwa na moja njiani asihisi, akaendelea na hatua, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Wanaohudumia miguu ya wenye kisukari wanalifahamu hilo vizuri. Tanzania imepiga hatua ya kujivunia hapa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango ulioitwa Step by Step, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ni miongoni mwa waliousimamia, uliwafundisha wahudumu wa afya kukagua miguu ili kuzuia vidonda na ukataji. Uzi wa nailoni unaogusishwa kwenye unyayo kupima hisia hutabiri vidonda. Mguu usiouhisi uzi huo hauihisi sakafu pia, lakini kwenye faili huandikwa "hatari ya kidonda" tu. Tayari tunapima. Kilichobaki ni kusoma jibu mara ya pili.

Macho ya mzee huyu nayo yana kasoro mbili au tatu kwa pamoja. Kisukari huharakisha mtoto wa jicho na huharibu retina. Miwani yenye nguvu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa kusomea, humfanya aone ngazi kwa ile ya kusomea, na ukingo wa ngazi unafifia. Hapa kuna habari njema. Utafiti uliofanywa Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia wanawake waliozidi miaka 70: waliopasuliwa mtoto wa jicho mapema, jicho la kwanza tu, walianguka mara chache kwa asilimia 34 kuliko walioachwa wasubiri. Watu wakitaja upasuaji wa jicho huzungumzia kusoma na kutambua sura za wajukuu. Nyonga haitajwi.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Mzee wetu yuko mlangoni, saa nane usiku, na inawezekana sukari yake haikupanda. Inawezekana imeshuka.

Kijana sukari yake ikishuka hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, njaa humbana, anakimbilia soda. Kwa mzee aliyeugua miaka mingi kengele hizo hufifia. Kinachoonekana ni mtu aliyechanganyikiwa, anayejibu mambo yasiyoulizwa, anayeyumba, mwenye ulimi mzito. Nyumbani watasema utu uzima umemzidi, au kiharusi, na wapo watakaotafuta sababu mbali zaidi ya hapo. Akianguka, mwili wenyewe huanza kuipandisha sukari kwa mshtuko, na anapofika hospitali asubuhi kipimo kinasoma juu. Ushahidi umepotea. Anaongezewa dozi.

Kuna kidonge kimoja ninachotaka kukitaja kwa jina, glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kama Daonil. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imewasaidia watu wengi. Lakini hufanya kazi kwa saa nyingi, na hata mabaki yake baada ya kuvunjwavunjwa na ini yanaendelea kushusha sukari hadi figo ziyatoe. Figo za mzee hutoa taratibu. Akimeza kama kawaida, usiku akanywa kikombe cha uji tu kwa kuwa hakuwa na hamu ya kula, kidonge hakijui kuwa chakula hakikuja. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka gliklazidi mahali pake kwenye orodha ya dawa muhimu, likaandika kuwa glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Madaktari wa wazee wa Marekani nao wameiweka kwenye orodha yao ya dawa za kuepuka uzeeni. Shida ni kwamba mtu huanza kuimeza akiwa na miaka 50, ikamkubali, akavuka sitini akiwa nayo mfukoni. Siku anayotimiza 60 hakuna anayefungua faili kuuliza kama dawa imezeeka pamoja naye.

Kwa insulini, ushahidi ni mzito zaidi. Katika utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu walioingia wakiwa na miaka 70 hadi 79, matokeo yake yakatoka mwaka 2008, wenye kisukari waliochoma insulini na kufikisha HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi iliyopita) ya asilimia 6 au chini yake, namba ambayo kliniki nyingi zingeipigia makofi, walikuwa na uwezekano wa kuanguka zaidi ya mara nne ya wale wa zaidi ya asilimia 8. Kwa waliotumia vidonge peke yake uhusiano huo haukuonekana, na inapasa kusema hivyo kwa haki. Mwaka huo huo, utafiti mkubwa wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulisimamisha mapema tiba ya kushusha sukari kwa nguvu kwa sababu waliotibiwa hivyo walikufa wengi zaidi.

Kuna watakaouliza: basi tuiache ipande? Hapana. Sukari ya juu ndiyo inayoleta ganzi, upofu, na zile safari tatu za msalani. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaweka njia ya katikati ambayo kwangu ni ya busara. Mzee mwenye afya na akili timamu alenge HbA1c chini ya asilimia 7.0 hadi 7.5. Mwenye magonjwa kadhaa, au anayehitaji msaada wa kila siku, chini ya 8.0. Kwa aliyedhoofika kabisa, namba hiyo iachwe, juhudi ziwe kuepusha sukari isishuke na isipande hadi imtese. Jambo hili halimpi mtu ruhusa ya kwenda kuficha dawa za babu. Insulini ikiachwa ghafla inaweza kuua. Linampa ruhusa ya kwenda kliniki na swali: lengo la mzazi wangu ni lipi, na limechaguliwa kwa kumtazama nani?

Dawa nyingine mbili zinastahili sentensi chache. Miguu ikiwaka moto usiku, mzee hupewa amitriptilini, na wengi hupata nafuu. Lakini dawa hiyo huleta usingizi mzito na hushusha presha ya kusimama, kwa hiyo inaweza kumwangusha mtu yule yule ambaye miguu yake inatibiwa. Metfomini nayo, dawa nzuri na ya kwanza kwa wengi, ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi isiyotofautika na ya kisukari. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa wenye dalili. Ganzi hiyo ikigunduliwa mapema inatibika, ndiyo maana kuibatiza "sukari" moja kwa moja ni hasara.

Kwa watu wa pwani, na kwa Waislamu popote walipo, mwezi wa Ramadhani unageuza ratiba yote hii juu chini. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kuwa sukari kushuka vibaya, kwa kiwango cha kulazwa, iliongezeka mara 7.5 ndani ya Ramadhani kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Saa za hatari zaidi ni alasiri kuelekea magharibi, baada ya saa kumi na mbili au zaidi bila kula. Huo pia ni wakati wa rakaa. Kutoka sijida hadi kusimama ni safari ndefu kwa presha ya mzee mwenye mishipa iliyochoka, na usiku kuna tarawehe juu yake. Kuswali kwa kiti kumeruhusiwa kwa asiyeweza, na aliye katika hatari ameruhusiwa kutofunga. Wazee wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Wanachoogopa ni kuonekana wameshindwa. Imamu akilisema mwezi mmoja kabla, mbele ya safu, atakuwa amesaidia kuliko karatasi za kliniki, na daktari akipanga upya dozi za futari na daku kabla ya mwezi kuandama atakuwa amefanya zaidi ya hapo.

Kwa nini kuanguka kwa huyu kuwe na uzito kuliko kwa jirani yake? Kwa sababu ya mifupa. Wenye kisukari cha aina ya pili wakipimwa wingi wa madini ya mifupa mara nyingi huonekana sawa na wenzao au hata zaidi, lakini huvunjika kwa urahisi zaidi. Sukari hung'ang'ania zile nyuzi za protini zinazoupa mfupa unyumbufu, mfupa ukawa mgumu na mkavu kama fito iliyokaa juani. Shingo ya fupa la paja ikivunjika, palipo na vifaa na fedha hupasuliwa ndani ya siku chache. Pasipo na vifaa hivyo, mtu hulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, vidonda vya mgongo vinaanza, na kidonda cha mwenye sukari kinakawia kupona. Hata katika nchi tajiri, kati ya wazee wanaovunjika nyonga, takriban mmoja kwa watano au zaidi hafiki mwaka.

Wengi hawavunjiki, lakini wanaogopa. Mzee aliyeanguka mara moja hupunguza hatua. Haendi tena sokoni, hafuati maji, haoni haja ya kushuka barazani. Misuli ya mapaja, ambayo kisukari tayari kilikuwa kinaipunguza, inayeyuka. Na hapa mapenzi yetu wenyewe yanamdhuru. Sisi tumelelewa kwamba heshima kwa mzazi ni kumwambia "mama, pumzika, umeshafanya kazi za kutosha." Maji tunamletea, chakula tunamletea, hata simu tunamfuatia chumbani. Tunafanya kwa upendo wa kweli. Baada ya miaka miwili hawezi kuinuka kitini bila kusukuma kwa mikono. Bibi wa kijijini anayechambua mboga amekaa chini na kusimama mara ishirini kwa siku ana mazoezi ambayo mwenzake aliyehamishiwa mjini kwa mwanawe, Mbagala, Dar es Salaam, amenyang'anywa.

Mazoezi ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko zote. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee wanaoishi nyumbani kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya kujimudu wima na kuimarisha miguu. Hayahitaji ukumbi. Kuinuka kitini bila kushika, mara kumi. Kusimama mguu mmoja mbele mwingine nyuma huku mkono uko karibu na meza. Kutembea kwa visigino, kisha kwa vidole. Mwenye ganzi afanye na mtu pembeni, akiwa amevaa viatu, akishaangalia nyayo kama hazina kidonda.

Kliniki nayo ina vipimo vya bure ambavyo havifanyiki. Swali "umeanguka mwaka huu?" linachukua sekunde tano, na liulizwe kwa upole, maana wazee huficha. Wanajua kuwa wakisema, watahamishwa mjini, au watafungiwa ndani. Presha ipimwe ameketi, kisha amesimama. Na kuna kipimo cha kiti: mgonjwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi yuko hatarini. Saa iko ukutani, kiti kipo. Foleni ni ndefu, hilo nalijua, na muuguzi mmoja anahudumia watu wengi kupita kiasi. Lakini foleni yenyewe ni ya watu walioamka bila kula ili wapimwe sukari ya asubuhi, wengine wakiwa wameshameza dawa, na kila kliniki ya sukari imewahi kuona mmoja wao akidondoka kwenye benchi.

Nyumbani kazi ni ndogo kuliko tunavyodhani. Tochi au taa ya sola iwe pale mkono unapofika kutoka kitandani. Chombo cha kukojolea usiku kiwepo chumbani, na tuwaondolee aibu yake. Mkeka unaojikunja uondoke njiani. Fundi wa mabomba aweke vipande viwili vya bomba ukutani bafuni, kimoja pa kushika akiinuka, kingine karibu na ndoo. Kandambili zibadilishwe na viatu vyenye mkanda wa nyuma. Bakora ikatwe kimo cha kifundo cha mkono, iwekewe mpira chini. Na akiamka, akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo kidogo, ndipo asimame.

Ikitokea ameanguka, kitu cha kwanza baada ya kuona kama anapumua na anaitika ni kumpima sukari, pale pale sakafuni, kabla ya kuanza kumwinua. Mpatie aliye karibu glukomita, mwingine amuulize nyonga inauma wapi. Ikisoma chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, asubiriwe robo saa, apimwe tena. Kama hawezi kumeza asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kisha namba hiyo iandikwe pamoja na saa, na orodha ya dawa alizomeza jioni, na alichokula. Karatasi hiyo iende naye wodini, ili binti yake akiulizwa kilichotokea awe na jibu zaidi ya bafu.